Furungu Moja Lililobaki: Kuthamini Vitu vya Urithi Kabla ya Kuviuza

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, wiki hii nimeacha maudhui niliyoyaahidi, kwani limenifika jambo ambalo nimeona si vyema kulichelewesha.

Mwezi wa Shaaban nilialikwa Nairobi, Makina ya Kibera, katika nyumba ya Kinubi iliyofiwa na mzee wake. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikwisha kutangulia zamani. Yuko dada yake, bibi mwenye umri mkubwa, ambaye wajukuu humwita habuba. Mjane alikuwa angali ndani ya eda, na miezi minne na siku kumi haijatimia. Niliitwa, kwa maneno yao, "kuja kugawa sanduku."

Sanduku lenyewe ni la bati, la kijeshi. Wasomaji wa Pwani huenda wasifahamu vyema khabari za ndugu zetu hawa. Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, nao wakapewa makazi katika msitu wa kando ya Nairobi. Kwa lugha yao msitu ni kibra, ndipo likatoka jina la Kibera. Wamedai haki ya ardhi ile kwa zaidi ya miaka 100, na mwaka 2017 jumuiya yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Basi nyumba nyingi za Makina zina sanduku kama hili chini ya kitanda, na ndani yake mna historia ambayo haijapatiwa bei.

Tulilifungua mbele ya warithi wote. Zilitoka reale za fedha 12 zenye sura ya malkia Maria Theresa, nishani tatu za vita vya pili vya dunia pamoja na karatasi ya kuachishwa jeshi, kawa tatu zilizosukwa kwa rangi, bangili ya pembe ya ndovu, na furungu moja la fedha. Moja tu. Mafurungu huvaliwa mawili, kila mguu lake. Nikauliza la pili li wapi. Kukawa kimya. Kisha kijana, mtoto wa marehemu, akasema, "Shehe, mimi nilidhani ni shaba."

Kijana huyu anaishi Kawangware. Siku za arobaini alitakiwa alipe turubali na viti, na mkononi hana kitu. Akachukua birika bovu, sinia lililotoboka, na furungu lililokuwa juu ya kabati, akavipeleka kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu karibu na kwake. Vyote vikatiwa kwenye mizani pamoja, akapewa shilingi 1,350. Tulikwenda naye siku ya pili yake mpaka Kawangware. Mwenye mizani hakutudhulumu kwa ulimi, alitwambia kwa upole kwamba mzigo wa wiki ile umekwisha kuondoka kwa lori, na kwamba yeye hununua uzito, hanunui kitu. Sikuwa na la kumjibu. Hakika hiyo ndiyo kazi yake.

Tulilichukua furungu lililobaki tukaenda kwa sonara mjini. Sonara alilisugua kwenye jiwe lake, akadondosha tindikali, akatazama rangi, akasema fedha yake ni sehemu 80 katika 100, na zilizobaki ni shaba ya kuipa nguvu. Akalipima: gramu 205. Basi fedha safi iliyomo ni gramu 164. Bei aliyotupa siku ile ilikuwa shilingi 120 kwa gramu ya fedha safi, hivyo furungu moja ni shilingi 19,680 kwa madini peke yake, mbali na kazi ya mkono. Akaongeza neno lililomchoma kijana kuliko hesabu: mafurungu mawili yenye nakshi ya zamani yana wateja wanaoyataka kama yalivyo, ila furungu moja halina mteja isipokuwa tanuri.

Nitaitaja njia hii kwa urefu kidogo, kwani kina mama wengi hupunjwa hapa. Vitu vya zamani vina thamani mbili. Ya kwanza ni ya madini, nayo haina siri: uzito, mara usafi, mara bei ya siku hiyo. Masonara wengi hupima kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66, basi mwambie akupimie kwa gramu pia uandike mwenyewe. Kwa dhahabu uliza karati. Karati 24 ndiyo safi, 22 ni sehemu 916 katika 1,000, na 18 ni sehemu 750. Uliza bei yake ya kununua, usiulize ya kuuzia, kwani wewe ndiye muuzaji. Kisha nenda kwa sonara wa pili, usimwambie alichosema wa kwanza. Thamani ya pili ni ya kitu chenyewe: umri, kazi, uchache, na ushahidi wa kilikotoka. Hiyo haimo kwenye mizani, na aghalabu huharibika kwa kusafishwa. Tafadhalini msisugue sarafu kwa majivu na ndimu ili zing'ae kabla ya kuzipeleka sokoni. Anayekusanya sarafu huitaka na weusi wake.

Reale zile 12 ziliwafurahisha watu sana, kwa sababu kila moja imeandikwa 1780. Binti mmoja alikwisha kuhesabu kwamba wana mali ya miaka zaidi ya 240. Nilisikitika kumvunja moyo. Reale ya Maria Theresa ilipendwa mno katika biashara ya Bahari ya Sham, Uhabeshi na Sudan, na wafanyabiashara hawakutaka kuipokea yenye sura nyingine, ndipo ikaendelea kupigwa chapa kwa karne mbili na mwaka ule ule wa 1780 ukiwa haukubadilishwa. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa haushuhudii umri wake. Ina gramu 28.07, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.39. Sonara alizihesabu shilingi 2,800 kila moja, zote 12 shilingi 33,600. Wenzetu wa Pwani wenye pesa za shaba za Sayyid Barghash, zile zenye picha ya mizani za mwaka 1299 na 1304 wa Hijra, nao wasidhani kwamba kila kilichoandikwa tarehe ya kale ni utajiri. Zilipigwa nyingi.

Sasa kabla ya kugawa huuliza mwenye busara: hivi ni vya nani? Swali hili hurukwa kila mara, na katika nyumba hii lilikuwa na majibu matatu.

Mafurungu hayakuwa ya marehemu. Mjane alisema alivishwa na mama yake siku ya harusi, na bibi wawili wa mtaa waliokuwapo siku hiyo walishuhudia. Basi hayakuwa mirathi hata kidogo. Nimeona katika nyumba nyingi, Bara na Pwani, mume akifa jamaa hukusanya dhahabu ya mkewe na kuitia ndani ya hesabu, kana kwamba mwanamke alikuwa ameazimwa. Mahari yake ni yake. Alichopewa na wazazi wake ni chake, na alichopewa na mumewe kwa hiba akakipokea ni chake pia. Kinachorithiwa ni kilichokuwa katika milki ya maiti, baada ya kutoa gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi. Na turubali la arobaini si gharama ya maziko. Anayetaka kulisha watu alishe kwa mfuko wake, au kwa ridhaa ya warithi waliobaleghe, wala si kwa mali ya yatima.

Reale na nishani nazo hazikuwa za marehemu peke yake. Zilikuwa za baba yake, aliyepigana Burma akarudi Kibera akafa, na mirathi yake haikugawanywa kamwe. Mkewe alikuwa amekwisha kufa kabla yake. Aliacha mtoto wa kiume, ndiye marehemu wetu, na binti mmoja, ndiye habuba aliyekaa pembeni akijifunika gurbaba yake bila kusema neno. Kijana alidhani shangazi yake hana fungu, kwa hoja kwamba marehemu ana mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume humzuia dada wa maiti. Kweli humzuia, katika mirathi ya kaka yake. Lakini yeye anadai mirathi ya baba yake, ambayo haikumfika kwa miaka mingi. Mafakihi huita masuala haya munasakha, mirathi juu ya mirathi, na ndiyo mahali pa haki nyingi za wanawake wetu kupotelea kimya kimya.

Hesabu ikawa nyepesi kiasi cha kushangaza. Katika reale 12 za babu, binti ana fungu moja na mtoto wa kiume mafungu mawili: habuba reale 4, marehemu reale 8. Katika hizo 8, mjane ana thumuni, yaani reale 1. Zikabaki 7, za mtoto wa kiume na mabinti wawili: kijana tatu na nusu, kila binti moja na robo tatu. Kwa shilingi, habuba 11,200, mjane 2,800, kijana 9,800, na kila binti 4,900. Jumla 33,600. Habuba alipoambiwa "nne," aliuliza mara mbili kama nimekosea.

Bangili ya pembe haikuingia hesabuni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyamapori inafanya kuwa na pembe ya ndovu bila kibali kuwa kosa, na kuiuza ni kosa kubwa zaidi, ijapokuwa uliirithi kwa bibi yako na ndovu wake alikufa kabla hujazaliwa. Kitu kisichoruhusiwa kuuzwa hakina thamani ya soko. Nilimwambia mjane asiioneshe sokoni, asiitume kwa mtu wa safari, wala asiitupe. Achukue wakili, waende pamoja ofisi ya Shirika la Wanyamapori, ambayo kwao si mbali, iko Barabara ya Lang'ata, waieleze ilivyopatikana.

Kuhusu kodi ndiko nilikoulizwa zaidi, kwani binti mkubwa alikuwa amesikia mtaani kwamba serikali huchukua asilimia 15 ya kila kinachorithiwa. Nimezungumza na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ni mhasibu, akanifafanulia, nami nayaweka hapa kwa kadiri nilivyoyafahamu. Kenya haina kodi ya kurithi. Ule ushuru wa mali ya maiti wa tangu enzi za ukoloni ulifutwa mwaka 1982. Asilimia 15 iliyosikika ni kodi nyingine, kodi ya faida mtu anapouza rasilimali, ambayo ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ikawa asilimia 15. Nayo hutozwa juu ya faida, si juu ya bei nzima. Kwa mtu binafsi inahusu ardhi, majengo na hisa. Reale za sandukuni, furungu, kawa na nishani za babu zinazouzwa mara moja na mrithi hazimo katika wavu huo. Lakini mwenye nyumba au kiwanja cha urithi asijifariji kwa maneno haya, yeye aende kwa mhasibu kabla ya kutia saini.

Mambo hubadilika mtu anapofanya biashara. Dada aliyeuza kidani cha mama yake si mfanyabiashara. Akianza kuzunguka Makina na Toi kununua mafurungu ya wenziwe ayauze kwa watalii, hapo ni mchuma, na mapato yake yana kodi. Akivuka mauzo ya shilingi milioni 1 kwa mwaka na asipite milioni 25, kodi ya mauzo ni asilimia 3. Ndipo ilipo faida ya karatasi: ikiwa siku moja utaulizwa fedha hizi zimetoka wapi, karatasi ya thamani na ya mgao ndizo zitakazokusemea kwamba ni urithi.

Kuna jambo la jamaa walio ng'ambo. Mjukuu mmoja wa habuba yuko Uingereza, akapiga simu kwamba nishani zitumwe huko ziuzwe mnadani. Huko sheria ni nyingine. Mkaazi wa Uingereza akiuza kitu kimoja cha aina hii kwa bei isiyozidi pauni 6,000, hatozwi kodi ya faida. Ikizidi, faida huhesabiwa kuanzia thamani ya kitu siku mwenyewe alipokufa. Nishani ya ushujaa ambayo haikununuliwa imesamehewa kabisa, lakini nyota za kushiriki vita, kama hizi, si za ushujaa. Marekani nako huanzia thamani ya siku ya kifo, na faida ya vitu vya ukumbusho huweza kutozwa mpaka asilimia 28. Basi warithi mlio na ndugu nchi hizo, thamani ya siku ya kifo iandikwe mapema, maana baada ya miaka kumi hakuna sonara atakayeikumbuka. Na katika fiqhi, wagawanyao huitazama thamani ya siku ya kugawa, kwani bei hupanda na kushuka, na mmoja asibebe hasara ya mwenziwe. Zikiwa tarehe mbili, andikeni zote mbili.

Karatasi yenyewe haina makuu. Jina la kitu, uzito, usafi, alama zilizochorwa, picha ya mbele na nyuma, aliyekipima na muhuri wa duka lake, tarehe, na majina ya mashahidi wawili. Kwa vitu vya thamani kubwa mtafute mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria. Kwa vitu vya kale sana waoneni Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au Fort Jesus kwa walio Mombasa. Sheria ya mwaka 2006 imevihifadhi vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, navyo havitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Mwenye kusafiri na reale iliyoandikwa 1780 ajue kwamba afisa wa uwanja wa ndege hajasoma makala haya.

Neno moja la fiqhi ambalo wengi hulipuuza. Fedha na dhahabu haziuzwi kwa ahadi. Sonara akikwambia "niachie, pesa njoo Ijumaa," usikubali, kwani kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama zetu noti zimechukua hukumu ya thamani, na malipo lazima yawe mkono kwa mkono. Na ukibadilisha dhahabu kuukuu kwa mpya, uza ya zamani kwanza, pokea shilingi zako, kisha ununue. Walioniuliza kuhusu zaka ya reale: nisabu ya fedha ni gramu 595, na reale zote 12 hazifiki gramu 281, ila mwenye akiba nyingine ya pesa aijumlishe.

Turudi Makina. Nishani zilibaki. Nyota za vita vya pili Uingereza ilizitoa bila jina la askari, tofauti na nishani ya fedha ya vita vya kwanza iliyochorwa jina na namba kwenye ukingo wake. Madini yake hayana bei ya kutajwa. Ile karatasi ya kuachishwa jeshi ndiyo iliyozipa uhai, kwani bila yake ni nyota za mtu yeyote. Tuliuliza kwa wauzaji wawili wa vitu vya kale, tukachukua wastani, shilingi 5,400 kwa zote tatu na karatasi yake. Kijana na dada zake walitaka ziuzwe. Habuba akasema kwa mara ya kwanza bila kuulizwa: anazitaka yeye. Fungu lake humo ni thuluthi, shilingi 1,800, basi alikuwa na deni la 3,600 kwa warithi wa kaka yake. Akarudisha reale moja kati ya nne zake, inayosimama kwa 2,800, na mia nane taslimu aliyoifungua kutoka pindo la leso. Warithi wakaridhia, kila mmoja akalipwa hapo hapo.

Kuhusu furungu, kijana ana deni kwa mama yake, si kwa mirathi: shilingi 19,680, kwani aliyepoteza mali ya mwingine bila idhini huidhamini hata kama alidhani ni shaba. Fungu lake la reale halifiki nusu yake na ushei. Nilimweleza mama kwamba ana haki ya kudai, ya kungoja, au ya kusamehe, na kwamba hakuna mtu, hata mimi, anayeruhusiwa kumshurutisha asamehe siku hiyo mbele za watu. Alifikiri kitambo. Akasema ataipokea elfu moja kila mwezi, mpaka ataposema basi. Kisha akaomba karatasi ya sonara, akaikunja, akaitia ndani ya furungu lililobaki.

Nilipopita Makina baada ya Idi, malipo ya mwezi wa kwanza yalikuwa yamekwisha kutolewa.